Tundu la Pumzi

Saa moja asubuhi waliingia weusi, saa kumi jioni wakatoka wazungu. Huo ndio utani wa kwanza aliofundishwa kila mgeni kiwandani, hata kabla hajaonyeshwa choo kilipo, ingawa vyoo vilikuwa vimejaa kila upande. Kiwanda kilitengeneza sinki, vyoo vya kukaa na matangi yake, vyeupe pe, na vumbi la ule udongo halikuchagua mtu. Lilikaa kwenye nyusi, kwenye kope, ndani ya masikio, mpaka mfagiaji na fundi wakafanana kama mapacha waliotumbukia kwenye pipa la unga. Kengele ikilia walipanga foleni kwenye bomba la uani, wakanawa, na uzungu wao ukaenda zake na mfereji.

"Nawa taratibu," walitaniana. "Ukizidisha utapoteza cheo."

Aliyeutunga utani huo alikuwa kaka wa Sifongo, mwanamke wa meza ya kupangusa, na ndiyo maana walimbandika jina la Saa Kumi. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye kibanda cha kupulizia rangi, bomba mkononi, amefunga barakoa aliyoishona mwenyewe kwa kipande cha shuka. Kampuni haikutoa barakoa. Ilitoa maziwa, pakiti moja kwa kila mtu kila siku, ya kusafisha kifua.

"Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi linakwenda kifuani," Saa Kumi alikuwa akisema. "Vinapishana kooni, vinasalimiana, kila kimoja na safari yake." Kisha aliyanywa yote na kuilamba pakiti.

Sasa huu ulikuwa mwezi wa nne yuko nyumbani, na barua ya kumtaka apumzike mpaka atakapoitwa. Daktari alikuwa amemgonga kifua kwa kidole, akasikiliza, akagonga tena, kisha akaiinua picha ya mapafu kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya mapafu kulikuwa na madoa meupe, mengi, kama chokaa iliyorushwa ukutani na fundi mwenye hasira.

"Umeona?" Saa Kumi alimwambia dada yake walipokuwa wakishuka ngazi za hospitali, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Nje nanawa, ndani... uzungu umegoma kutoka."

Sifongo alicheka, kwa sababu kaka yake alikuwa akimtazama aone kama atacheka.

Yeye Sifongo jina hilo alipewa na kazi. Sinki na matangi yakishatoka kwenye kalibu za plasta, mabichi bado, laini kama sabuni iliyolala kwenye maji, yalipitia kwenye meza yake. Alipangusa mistari iliyoachwa na kalibu na akaziba vitundu. Kitundu kimoja tu, cha ncha ya sindano, kilitosha kuishusha sinki daraja. Kwa hiyo: tone la uji, ndivyo walivyouita udongo uliokorogwa na maji, kidole, sifongo, basi. Miaka kumi na miwili ya tone, kidole, sifongo. Macho yake hayakuwa na kazi tena. Aliweza kusimulia umbea wa mtaa mzima, kuanzia kwa mwenye nyumba mpaka kwa mke wa mchungaji, na kidole kikawa kinaona peke yake.

Kitu kimoja tu kiwandani hakikuwa cheupe, nacho ni Boi. Boi alikuwa kisahani cha sabuni: mtumishi mweusi tii, amepiga goti, macho yamemtoka, midomo myekundu kama jeraha, amekiinua kisahani juu ya kichwa. Kwenye orodha ya bidhaa aliandikwa "Mhudumu, namba saba", ila ofisini na karakanani jina lake lilikuwa Boi, na wateja wa ng'ambo walimpenda kupita kiasi. Kalibu moja, sura moja, maelfu kwa maelfu. Aliyempulizia ule weusi ni Saa Kumi.

"Miaka yote nampaka mtoto wa watu mafuta," alisema, "na hajaniamkia hata siku moja."

Siku moja alimchukua Boi mmoja mbichi akamkata mikono kwa uzi, akaiunga upya, na kisahani akakishusha magotini. Goti akalifanya kiti. Macho akayafumba. Boi akawa mtu amekaa chini amechoka, anakula. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza, si ule wa kifua, huu mwingine. Akatengeneza mfagiaji aliyelala wima juu ya ufagio. Akamtengeneza Jivu, mpakiaji wa tanuri, akisukuma toroli kwa mgongo. Akamtengeneza Mgongaji, yule mzee wa kugonga sinki kwa kinyundo cha mbao kusikiliza kama zina ufa, na sikio lake akalifanya kubwa kuliko kichwa. Mzee alinuna wiki nzima, kisha akaomba apewe akamwonyeshe mkewe. Sanamu zote hazikuzidi urefu wa kopo la chakula, kwa sababu ndani ya kopo la chakula ndimo zilimosafiria. Zilichomwa kwa siri: Jivu alizificha ndani ya matangi ya vyoo, na matangi yakaingia tanurini yakiwa na mimba.

Alipotumwa nyumbani, Saa Kumi hakuacha. Sifongo alimletea udongo kwenye kopo, akapeleka sanamu kwenye kopo. Mlinzi wa getini alipekua watu akitafuta mabomba na koki. Tope nani aibe?

Sanamu kumi na moja zilikuwa zimepangwa dirishani. Ya kumi na mbili ilikuwa yeye mwenyewe.

Ilimchukua wiki sita. Mtu amesimama, mikono miwili kifuani, kinywa wazi, kichwa kimeinuka kama anayetafuta hewa juu ya watu waliomzidi urefu. Uso ulikuwa wake kabisa, ule uso mrefu aliosema kwamba Mungu aliuvuta aone kama utakatika. Ndani ilikuwa na uwazi, na chini ya kisigino cha kushoto alikuwa ametoboa kitundu kwa njiti ya kiberiti.

"Hili ni tundu la pumzi," alimwambia Sifongo, kana kwamba hajui. "Hewa ikipata moto inataka mlango. Ikikosa, inatengeneza wake." Akatulia, akavuta pumzi, ikamfikia nusu. "Mpanguse huo mshono wa ubavuni. Mikono yangu inacheza ngoma yake. Halafu mpe Jivu. Nataka nijione nimetoka motoni, dada. Kabla. Unanielewa? Kabla."

"Kabla ya nini? Wewe utatuzika sote."

"Nyie mko wengi, sina nguvu za kuchimba. Niahidi."

Akamwahidi.

Siku ya pili kazini alimtoa kaka yake kwenye kopo, akamlaza juu ya meza nyuma ya tangi, na kumpangusa ubavu. Msichana wa meza ya jirani alikuwa akimsimulia jinsi mumewe alivyorudi na viatu visivyo vyake. Vya mwanamke? La, vya mwanamume, tena vikubwa zaidi, na hapo ndipo utamu wa hadithi ulipokuwa. Sifongo alicheka mpaka machozi yakachora mistari myeusi kwenye mashavu yake meupe. Akamgeuza kaka yake huku na huku, akamaliza, akamfunga kwenye kitambaa na kumpelekea Jivu.

Kesho yake asubuhi, kwenye sinki ya nne au ya tano, kidole chake kilikutana na kitundu. Tone, kidole, sifongo. Akasimama. Akakitazama kidole kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyerudi na kuku wa jirani mdomoni.

Alikimbia mpaka mdomo wa tanuri. Jivu alikuwa ameketi juu ya tofali, anakunywa maziwa yake.

"Toroli ya jana iko wapi?"

"Imeshaingia. Iko katikati huko, inakula moto. Kwani?"

"Itoe."

"Shemeji," Jivu alisema. Alimwita shemeji miaka yote bila idhini ya mtu yeyote. "Tanuri halina kinyumenyume. Kilichoingia huku kinatokea kule, kama chakula." Kisha akauona uso wake, akaiweka pakiti chini. "Alfajiri nilisikia kitu kimepiga chafya mle ndani. Pu! Nikasema labda tofali."

Sifongo akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Jioni ile Saa Kumi alimuuliza, "Nimeingia?" Akamjibu, "Umeingia." Hakusema uongo. Kaka yake alikuwa amefuta vumbi kwenye nafasi ya kumi na mbili dirishani, na kitambaa alikuwa bado amekishika.

Toroli ilitokea upande wa pili kesho yake mchana. Tangi lilikuwa limepasuka vipande vitatu. Mikono, miguu na vipande vya mgongo viliruka vikatua kwenye sinki za jirani, na rangi ilipoyeyuka ikavishika, ikapoa navyo. Sinki saba na tangi moja. Kwenye mojawapo ya sinki zile, pembeni mwa tundu la kutolea maji, kilikaa kichwa kikubwa kama yai la bata, uso juu, kinywa wazi, rangi nyeupe imekizunguka mpaka shingoni. Ungedhani ni mtu anaoga na maji yamekuja ya moto.

Bosi Mdogo, mpwa wa mwenye kiwanda, alishuka kutoka ofisini. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mzungu mwembamba mwenye mafua yasiyokwisha, aliyewasalimia watu wote asubuhi kwa kupunga mkono mmoja wa jumla ili usimpite mtu. Akaamuru kazi isimame. Watu sitini wakapangwa ukutani kama walivyo, na vumbi lao, weupe wote kuanzia unyayoni hadi utosini.

Mgongaji akabebeshwa ile sinki yenye kichwa, na Bosi Mdogo akapita naye mbele ya mstari.

"Hii nani?" akauliza.

Mgongaji akaipanga vizuri sinki mikononi.

"Nauliza. Hii nani?"

Mwalimu wa sarufi angempa alama zote. Sanamu ni hii, sinki ni hii. Tatizo ni kwamba alikuwa akiuliza habari za mtu. Na hapakuwa na mtu kwenye mstari ule asiyejua ni nani. Wengine walikuwa wamekula naye sahani moja, wengine walikuwa bado wanautumia utani wake kila jioni bombani bila kumlipa ada.

Bosi Mdogo akaanza kulinganisha. Alitazama kichwa, akatazama uso wa mtu, akatazama kichwa. Alifanya hivyo kwa makini, bila dharau, kama mtu anayetafuta funguo zake kwenye meza yenye funguo sitini. Miaka mitatu alikuwa akipunga mkono kwa nyuso hizi. Na miaka mitatu alikuwa na Boi juu ya meza yake, ameshika kalamu badala ya sabuni.

Akasimama mbele ya Jivu.

"Hii ni wewe."

Jivu alikuwa na uso wa mviringo kama kitako cha sufuria, pua iliyovunjika ikaungwa na haraka, na kichwa kilichokaa moja kwa moja juu ya mabega. Akakitazama kile kichwa kirefu chembamba.

"Bosi, huyu ana shingo," akasema. "Mimi shingo nilinyimwa."

Watu walicheka kwa pua. Bosi Mdogo hakucheka, akapenga kamasi.

"Mtu anajitengeneza mwenyewe. Wewe unapakia toroli. Ni wewe tu unaweza kuweka ndani. Hii ni wewe. Chukua vitu vyako, kwenda."

Nusu ya maneno hayo yalikuwa kweli, na hiyo ndiyo iliyomfunga Jivu mdomo. Alikuwa amezibeba siri kumi na mbili ndani ya matangi. Neno moja tu lingemtosha, jina moja. Alikunja midomo, akaanza kufungua kamba ya aproni yake, na muda wote huo hakumtazama Sifongo, hata kwa pembe ya jicho. Laiti angemtazama. Laiti angemkazia macho, angalau Sifongo angepata sababu ya kukasirika. Mshahara wake ndio uliokuwa ukinunua dawa na mitungi ya hewa. Kama angenyamaza mpaka Jivu afike getini, basi, ingekuwa imekwisha.

Kamba ya aproni ilikuwa na fundo gumu, na Jivu alikuwa akihangaika nalo.

"Si hii," Sifongo akasema.

Bosi Mdogo akageuka.

"Usiseme hii, bosi. Huyu. Huyu ni kaka yangu."

"Kaka yako iko wapi?"

"Yuko nyumbani. Alikuwa pale." Akanyoosha mkono kwenye kibanda cha kupulizia, ambako mtu mwingine alisimama sasa na bomba lilelile. "Miaka kumi na tisa. Barua ulimpa wewe, kwa mkono wako."

Bosi Mdogo alikitazama kibanda. Akakitazama kichwa kilichokuwa ndani ya sinki. Ilionekana wazi kwamba anatafuta, anajaribu kwa dhati, na hapo ndipo Sifongo alipotamani afadhali angetukanwa.

"Sikumbuki," akasema. "Pole."

"Mimi ndiye niliyemleta, nikamficha mwenyewe. Jivu hajui kitu." Huo uongo ulikuwa safi kuliko sinki yoyote iliyowahi kutoka mle.

Bosi Mdogo alifikiri kidogo. "Basi wewe kwenda," akasema, bila chuki. Jivu akaliacha fundo lake. "Na hivi vyote, vunja."

Mgongaji akaiweka sinki sakafuni, akaiinamisha kwa ubavu. Nyundo ya chuma ya kuvunjia ilikuwa karibu na mguu wake. Lakini mkono una mazoea yake. Kabla hajajua anachofanya, alikuwa amechomoa kinyundo cha mbao mfukoni, na akagonga.

Sinki ikalia. Ilitoa sauti moja ndefu, nyembamba, isiyo na mkwaruzo, ikapita juu ya watu sitini, ikagonga bati na kurudi, na ilipokuwa ikififia hakuna aliyethubutu kukohoa. Hata wale ambao kukohoa kwao hakukuwa suala la kuthubutu.

Mzee akaliinua lile sikio lake.

"Daraja la kwanza, bosi."

"Vunja."

Akavunja. Kichwa kilikwenda kwa pigo la pili.

Getini mlinzi alilipekua kopo la Sifongo, akakuta kijiko na sifongo. Alikuwa ameshasikia. Akamrudishia vyote viwili kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi.

Nyumbani, Saa Kumi alikuwa ameegemea mito mitatu, uso umeelekea dirisha. Jua lilikuwa bado juu.

"Kulikoni?" akasema. "Mbona umerudi mzungu? Bomba limekauka?"

Sifongo akajitazama. Alikuwa amepita mitaa yote ile bila kunawa.

"Wamenifukuza."

Kifua cha kaka yake kilikuwa kikipiga filimbi ndogo kila pumzi ilipoingia. Hakuuliza kwa nini, aliuliza kile alichokuwa akikisubiri.

"Nimetokaje?"

"Umelia," Sifongo akasema. "Mgongaji amekugonga mbele ya watu wote, na Bosi Mdogo amesimama. Umelia kama kengele. Kasema daraja la kwanza."

"Acha utani."

"Haki ya Mungu. Waulize wote sitini."

Macho ya Saa Kumi yaling'aa. "Nionyeshe basi."

Lango la kusema uongo lilikuwa wazi, na hakuna aliyelilinda. Sanamu inapoa. Sanamu iko kwa Jivu. Sanamu kesho. Kaka yake pengine asingeifikia hiyo kesho ya kuugundua uongo.

"Nilikuziba," akasema. "Tundu la kisigino. Sikukusudia, kaka. Mkono. Nilikuwa nacheka, mkono ukaziba. Umepasuka ndani ya tanuri. Kilichobaki ni kichwa, na kichwa wamekivunja."

Kulikuwa na nzi chumbani, akazunguka, akatua juu ya mfagiaji aliyelala wima. Saa Kumi alimtazama nzi huyo kwa muda mrefu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Sifongo aliinuka kwa hofu kabla hajagundua kwamba ni kicheko.

"Miaka kumi na miwili," kaka yake alisema, kwa vipande. "Wanakulipa... uzibe matundu. Ukaona... umzibe na ndugu yako. Mfanyakazi bora wewe... Wakupe maziwa pakiti mbili."

Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja mara mbili. Sifongo akamshika mgongoni na kumwinua, akasikia mifupa yote chini ya shati, na ile filimbi ikapanda juu, ikakatika, ikarudi. Alipomlaza tena, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Chini ya kitanda," akasema baada ya muda. "Kuna bonge. La mwisho."

Lilikuwepo, limefungwa kwenye kitambaa kibichi, kubwa kama mkate.

"Nitengeneze wewe."

"Mimi ni wa kupangusa, kaka. Sijui kuumba."

"Umenitazama... miaka thelathini na nne. Na bosi... amenitazama miaka mitatu... hanijui."

"Na nani atatuchomea? Tanuri halituhusu tena."

"Acha usichome. Mimi nani kanichoma? Mimi... nimekaushwa tu."

Sifongo akavuta kigoda karibu na kitanda, akaliweka bonge juu ya mapaja. Vidole vyake vilikuwa na vumbi jeupe bado, likaanza kulowana. Hakujua aanzie wapi. Kichwa? Mabega? Akamtazama kaka yake. Alikuwa amefumba macho, kinywa wazi, na kifua kikipanda kidogo, kikisita, kikishuka.

Akachukua njiti ya kiberiti. Udongo ulikuwa bado bonge tu, hauna mguu wala uso, lakini alianza kwa kutoboa tundu.

Kisha akaanza kuumba, na kila alipotaka kuugusa udongo alitazama kwanza kile kifua. Vidole vyake viliacha alama kila mahali, kwenye shingo, kwenye mbavu, mistari yake yote waziwazi. Sifongo ilikuwa ndani ya kopo, karibu kabisa na mguu wake. Aliiacha humo ikauke.